Kutoka mawasiliano kwenda PR, kilichobadilika kweli ni nini

Swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu walio kwenye mashirika na ofisi za serikali ni hili, mtu ni afisa mawasiliano, anaandika vizuri, kamera anaijua, kurasa za mitandao anaziendesha mwenyewe, sasa anataka kuingia PR, yaani uhusiano wa umma, aanzie wapi, asome nini, na je si kazi ile ile tu? Mi nimekaa pande zote mbili kwa hiyo naandika nilichokiona, na jibu nalitoa mapema kwa yule asiye na muda wa kusoma yote: vifaa ni vile vile lakini kazi ni nyingine. Kwenye mawasiliano, angalau nilivyoyafanya mimi, unaletewa jambo likiwa limeshaamuliwa, wewe ulitangaze. Kwenye PR unatakiwa uwepo wakati linaamuliwa, na ukiona linaenda kuumiza watu useme, na ugumu wote wa kazi uko hapo.

Nilianzia Mwanza, shirika lisilo la kiserikali, miradi ya maji na usafi wa mazingira, tunazunguka Magu, Misungwi, Sengerema na visiwani Ukerewe. Kazi yangu ilikuwa jarida la kila robo mwaka, picha, kuposti Facebook na Instagram, mabango ya uzinduzi, na zile simulizi za mafanikio ambazo kila aliyewahi kufanya kazi na wafadhili anazijua, mama alikuwa anafuata maji mbali, mradi umekuja, sasa ana muda wa bustani, nukuu moja, picha moja anatabasamu kando ya bomba. Niliipenda ile kazi na bado naiheshimu. Ilinifundisha kukaa na mtu chini ya mwembe mpaka aseme jambo lake kwa maneno yake bila kumlisha maneno, na ilinifundisha kuandika haraka, maana ripoti ilikuwa inatakiwa ofisini hata kabla kivuko hakijatia nanga.

Kilichonisukuma kuondoka ni kijiji kimoja ambacho watu waligoma kuchangia hela ya kuendesha kituo cha maji. Kituo kimejengwa, kizuri, kimefungwa kufuli. Nikaagizwa niandae vipeperushi vya kuelimisha wananchi umuhimu wa kuchangia. Vikachapwa, vikagawiwa, kufuli ikabaki pale pale, kwa sababu wale watu umuhimu wa maji walikuwa wanaujua kuliko sisi, tatizo lao lilikuwa kamati iliyowekwa kukusanya hela, hawakuiamini, na walikuwa wanalisema hilo waziwazi kila kikao, mi mwenyewe ninalo kwenye rekoda. Ila kwa cheo changu hapakuwa na mlango wa kulipeleka juu. Afisa mawasiliano alikuwa anaitwa kikaoni mwishoni, wakati wengine wanafunga madaftari, kuambiwa "hili tutalitoaje". Nikaanza kutafuta kazi ambayo kusikia jambo kama lile na kulifikisha kwa mwenye uamuzi ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu kusoma nisiweke maneno mengi. Chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, Mwanza, wanatoa shahada ya uhusiano wa umma na masoko, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shule yao ya uandishi wa habari na mawasiliano, kuna PRST, chama cha watu wa PR hapa kwetu Tanzania, na kwa majirani zetu Kenya kuna PRSK ambao wapo tangu 1971, na walio serikalini wana TAGCO, chama cha maafisa mawasiliano wa serikali. Soma ukiweza. Lakini kwenye intaviu iliyonipa kazi Dar, ejensi ya PR, lile faili langu la picha na majarida lilifunguliwa kidogo tu likawekwa pembeni, na swali likawa hivi: mteja wetu anapunguza wafanyakazi wiki ijayo, nani anatakiwa asikie kwanza? Sio gazeti gani wala saa ngapi tunaposti, nani asikie kwanza. Nikajibu wanaopunguzwa wenyewe, kwa mdomo, kutoka kwa bosi wao anayewajua, halafu wanaobaki, halafu chama chao cha wafanyakazi kama hakikushirikishwa tangu mwanzo, na waandishi baadaye kabisa. Wakaniuliza kwa nini, nikasema kwa sababu mtu akisoma kwenye simu kwamba hana kazi, hakuna taarifa duniani itakayomrudisha awe upande wako, na yule ana mke, ana majirani, ana grupu la WhatsApp la ukoo. Nadhani ni Ukerewe na Magu ndizo zilizojibu lile swali, sio darasa.

Ejensi ina mambo yake, unaandika taimushiti kila unachofanya kimemhusu mteja gani na kwa saa ngapi, mteja analipa riteina, yaani ada ya kudumu ya kila mwezi, na anataka kuona hela yake imefanya nini, utayazoea. La kulisemea zaidi ni wahariri. Nikiwa shirika nilikuwa natuma mwaliko, waandishi wanakuja, wanapiga picha ya mgeni rasmi anakata utepe, basi. Kwenye PR unampelekea mhariri wazo la stori na yeye anakuuliza jambo moja tu, msomaji wangu linamhusu nini? Kama jibu lako linaanza na "kampuni yetu inajivunia" umeshapotea. Ujue deski, stori ya bei ya mahindi haina kazi kwa mhariri wa michezo, na ujue saa, usimpigie mhariri jioni anafunga kurasa, mpigie asubuhi baada ya kikao chao cha kupanga siku. Halafu kuna kitu cha kwetu hiki ambacho vitabu vya nje havina, magazeti yetu yanasikilizwa kuliko yanavyosomwa. Asubuhi redio na runinga zinapitia kurasa za mbele, dereva wa daladala ameifungulia, abiria wote wanasikia kichwa cha habari na labda mistari ya mwanzo, na watu wengi kuliko walionunua gazeti wanaishia hapo. Kwa hiyo mi jambo lenye maana siliweki aya ya nne hata siku moja, na nikiandika taarifa naisoma kwa sauti kabla ya kuituma, sentensi ikinikata pumzi naigawa.

Na bahasha, ile hela anayopewa mwandishi ili stori itoke. Najua wengi mnangoja nilisemee hili. Makorespondenti wengi, hasa mikoani, wanalipwa kwa stori iliyotoka, nauli ni ya kwao, vocha ni ya kwao, kwa hiyo siwezi kukaa kwenye kiti cha ofisi yenye kiyoyozi nikamsema mtu aliyepanda bodaboda kuja kwenye tukio langu. Lakini kulipia stori ni jambo lingine, na maadili ya Baraza la Habari, MCT, baraza lililoanzishwa 1995, yanalikataa. Msimamo wangu ni kwamba kama tukio liko mbali tunaweka gari la pamoja na chakula, tunalisema wazi kwenye mwaliko na kwa mhariri wake, na hakuna kinachopita chini ya meza. Wapo wateja wanaokuambia "si uwape tu kitu kidogo waandike vizuri". Ukikubali mara moja umewafundisha wote wawili, mteja na mwandishi, kwamba stori yako haina thamani bila hela, na siku mteja amepata shida kweli hao hao wataitwa na mwenye bahasha nene zaidi. Huko Marekani 1906 Ivy Lee, mmoja wa waliotangulia kwenye hii kazi, alituma tamko kwa wahariri wakati anawafanyia kazi wenye migodi ya makaa ya mawe, akawaambia kazi yao itafanyika wazi, na mhariri akitaka kuhakiki jambo atasaidiwa kuhakiki. Zaidi ya miaka mia na bado sijaona namna bora ya kuishi na chumba cha habari.

Sasa niwape kazi iliyonionyesha PR ni nini. Mteja ni kiwanda cha unga nje kidogo ya mji, malalamiko ni vumbi, malori yanapita barabara ya mtaani kwenda kiwandani, kiangazi, kila kitu kimekuwa chekundu. Kulikuwa na fununu kwamba vijana wa mtaa wanataka kufunga barabara. Tukaitwa. Brifu, yale maelezo ya kazi kutoka kwa mteja, ilisema wanataka taarifa kwa vyombo vya habari kuhusu mchango wa kiwanda kwa jamii, madawati waliyotoa shule ya msingi, picha zipo. Nikaomba kabla ya kuandika chochote niende nikakae ile barabara siku nzima.

Nilikaa kwa mama ntilie mmoja pale kona, banda la mabati, sufuria tatu na jiko la mkaa. Nikamwamkia, nikaagiza chai, nikamweleza wazi nimetumwa na nani. Lori likipita anafunika sufuria ya wali na kanga, analisubiri vumbi litue, anafunua, anapakua, lori jingine hilo, anafunika tena. Akaniambia, "Mwanangu, hayo madawati nimeyaona, na mjukuu wangu anakalia. Lakini mie saa sita mchana ndo nauza. Na malori yao yote yanakuja saa sita mchana. Waambie waje hata saa nane." Nikashika hiyo. Nikaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikaongea na fundi cherehani, na mwalimu mmoja, na vijana wa kijiwe cha bodaboda ambao ndio walikuwa wanasemwa watafunga barabara, na kila mmoja ana saa yake na shida yake, ila hakuna hata mmoja aliyesema kiwanda kiondoke. Wengi wana ndugu wanafanya kazi mle ndani.

Niliporudi kwa mteja sikuwa na taarifa ya vyombo vya habari mkononi, nilikuwa na karatasi moja ya saa, malori yanaingia lini, mtaa unaumia lini, na mapendekezo matatu, ratiba ya malori isogezwe yasikutane na saa za chakula na saa watoto wanatoka shule, boza la maji limwage barabarani asubuhi na mchana, na mtu mmoja wa kiwanda, mwenye jina na namba ya simu, apigiwe moja kwa moja lori likikimbia. Meneja uzalishaji alisema ratiba haiwezekani, mahindi yanatoka mbali, dereva anafika anapofika. Tukabishana kwa heshima karibu mchana wote. Mwisho mtu wa lojistiki, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, akasema malori yanaweza kusubiri kwenye uwanja wa maegesho kule barabara kuu na kuitwa kwa makundi, na kwamba hiyo hata foleni ya getini ingepungua. Ikapita. Barabara haikufungwa, na gazetini hakikutoka chochote kuhusu hili jambo, hakuna kipande cha gazeti cha kuonyesha, na bado naihesabu kuwa kazi bora niliyowahi kufanya. Tulichoandika ni tangazo la ukurasa mmoja, ratiba ya malori na ile namba ya simu, likabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa na kwenye banda la yule mama. (Na daftari la malalamiko lenye majina na simu za watu tukakubaliana linafungiwa, halizungushwi kwenye grupu la wafanyakazi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mtu aliyekuamini na namba yake hutakiwi kumfanyia hivyo.)

Baada ya miezi kadhaa kwa mteja huyo huyo ikaja voisi noti. Mnazijua, sauti ya mama mwenye uchungu, "jamani unga huu msile, watoto wangu wameharisha usiku kucha", halafu picha ya kiroba. Jioni ilikuwa imeshafika kwenye magrupu ya makanisa na ya wazazi wa shule. Bosi wa kiwanda anataka tuchukue skrinishoti, tuigonge mhuri mwekundu UZUSHI, tuposti. Hii tabia imeenea sana kwenye ofisi zetu na mi naipinga kwa nguvu zangu zote. Kwanza unawapelekea uvumi watu ambao ulikuwa haujawafikia. Pili, na hili ndilo kubwa, wakati unagonga ule mhuri hujui bado kama ni uzushi, unatamani tu uwe uzushi. Kuna mama amesema watoto wake wanaumwa. Huwezi kumjibu kwa mhuri.

Kwa hiyo tukatoa mistari michache tu usiku ule, kwamba tumesikia, tunafuatilia, mwenye kiroba ambacho ana wasiwasi nacho asikitumie na asikitupe, atupigie namba hii. Ndani maswali yakaanza, namba ya bechi kwenye picha ni ipi, imesagwa lini, imeenda maduka gani, sampuli iliyobakizwa maabara inasemaje, na TBS, shirika la viwango, wameambiwa au wanasikia mtaani kama wengine, maana tangu 2019 usalama wa chakula ulipotolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na kupelekwa TBS hao ndio wa kuanza nao. Mwanasheria alitaka tunyamaze kabisa mpaka majibu yote yawepo. Ninamwelewa mwanasheria, yeye anawaza mahakama, lakini ukimya wa siku tatu mtaani unasomeka kama kukiri.

Ilikuja kuonekana kiroba kilikuwa cha kwetu ila unga haukuwa wetu, kuna watu wananunua viroba vilivyotumika wanajaza wanashona upya. Uzi wa kushonea ulikuwa tofauti, ukiweka viroba viwili pamoja unaona kabisa. Hapo ndo tukatoa taarifa kamili na picha ya mishono yote miwili. Na jibu tulilipitisha njia ile ile uvumi ulikopita, afisa ubora wa kiwanda, mama mtu mzima, alirekodi voisi noti ya dakika moja na nusu kwa Kiswahili cha kawaida, akampa pole yule mama kwanza, akaeleza uzi, akaeleza nini cha kufanya, tukawapa wenye maduka ya jumla nao wakaituma kwa wauzaji wao. Ilifika mbali kuliko ile taarifa yenye nembo. Mteja ikabidi abadilishe na viroba vyenyewe viwe vigumu kujazwa tena, na hilo lilimgharimu kuliko sisi wote wa PR.

Kila anayesoma PR ataambiwa habari ya Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, Chicago 1982, watu saba walikufa kwa vidonge vilivyotiwa sumu madukani, na wenye dawa hiyo, Johnson & Johnson, wakaondoa sokoni chupa kama milioni 31 kote Marekani ingawa sumu haikuwekwa kiwandani kwao. Huwa inafundishwa kama mfano wa kuongea vizuri wakati wa janga. Mi naisoma tofauti. Waliondoa chupa, wakarudi na vifungashio ambavyo mtu hawezi kuvifungua bila kuonekana, na maneno yao yaliaminika kwa sababu chupa hazikuwepo rafuni. Ukiingia PR ukidhani kazi yako ni kutafuta maneno mazuri ya kufunika jambo ambalo halijarekebishwa utachoka haraka sana, na utawaumiza watu.

Kipimo cha kazi nacho kinabadilika. Shirika nilikuwa nahesabu posti, nakala, laiki. Ejensi nikakuta wateja wanataka tupime stori kwa bei ya tangazo, yaani nusu ukurasa huu ingekuwa tangazo tungelipa kiasi gani, basi PR imetuingizia kiasi hicho. Wataalamu wa upimaji waliokutana Barcelona 2010 walisema wazi bei ya tangazo sio thamani ya PR, na mi nawapa wateja hilo kikao cha kwanza. Stori inaweza kujaza ukurasa mzima ikiwa ni ya kukuponda. Kwa kiwanda cha unga tulipima simu za malalamiko kwa wiki, maduka yaliyorudisha viroba, na maswali waliyokuwa wanaulizwa mawakala. Havipendezi kwenye slaidi ila vinasema kweli.

Kwa anayetaka kuhama, usisubiri ejensi ikuajiri ndo uanze. Hapo hapo ulipo omba uingie kikao cha menejimenti hata kama ni kuandika muhtasari, na ukitumwa uandike kipeperushi nenda kwanza kwa wanaoandikiwa, rudi na walichosema, kipeleke kwa maandishi kwa bosi wako na mapendekezo mawili au matatu yanayotekelezeka. Bosi hapendi kuambiwa "hapana" tupu, nani anapenda, lakini akipewa njia nyingine yenye gharama zake atakaa nayo aifikirie. Weka kumbukumbu, shida ilikuwa nini, ulisikia nini, kipi kilibadilika. Hiyo ndo CV ya PR, na hata mkipishana na bosi bado ni yako.

Mshahara nao mnauliza. Wa kuanzia ejensi unaweza kuwa chini ya ule wa shirika la wafadhili, kwangu ulishuka na posho za safari zikaisha, na simu inaita Jumapili. Mkataba wako unategemea wateja, riteina ikikatwa na mteja mkubwa watu wanapungua. Kwa hiyo kabla hujasaini uliza utashika wateja wa sekta gani, mikataba yao imebakiza muda gani, na uliza kama ejensi imewahi kukataa mteja na ilikuwa kwa sababu gani. Mi niliuliza hilo la mwisho, wakanijibu bila kuzunguka, na ndo nikahama Mwanza.